Tope la Bwawa

Ofisini walimwita Mama Vipimo, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina lilitoka kwa karani mmoja mpenda utani ambaye siku moja, zamani, alimkuta akifunika chupa zake za maji kwa kitambaa kibichi ili jua lisizichome. "Mwoneni," karani akasema, "anawafunika wanawe wasipate joto." Watu wakacheka, naye akacheka, na jina likaganda. Karani alihama, miaka ikaenda, mama akafikisha hamsini na miwili, na pale idara ya maji hakubaki mtu aliyejua kama aliwahi kuitwa kitu kingine.

Kazi yake ilikuwa bwawa lililoupa mji maji. Kila Jumanne na Ijumaa aliingia kwenye mashua ya bati, akapiga kasia hadi kwenye boya jekundu la katikati, akapima. Alipima joto la maji, oksijeni iliyomo, na jinsi yalivyo maangavu. Uangavu aliupima kwa sahani ya chuma yenye rangi nyeupe na nyeusi, iliyofungwa kamba yenye alama: unaishusha hadi isionekane tena, kisha unasoma kamba. Miaka ya mwanzo sahani ilipotea mita tatu chini. Akishaandika yote daftarini alirudi nchi kavu, na mtu pekee wa kuzungumza naye huko alikuwa mlinzi wa bwawa, mzee waliyemwita Komandoo kwa sababu ya koti lake la kijeshi, japo maji yakimpita magoti alikuwa anapiga kelele.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili juu ya karakana ya seremala. Vumbi la mbao lilipenya kwenye sakafu, hata chumvi yake ilinukia msumari na gundi. Mezani kulikuwa na viti viwili. Cha pili kilikuwa cha kuwekea pasi. Mume aliwahi kuwapo, miaka minne, akaondoka bila ugomvi kama abiria aliyefika kituo chake.

Siku moja tu ya juma alikuwa na pa kwenda. Jumapili alikwenda kwa Kidoti.

Kidoti alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi ndogo kando ya mdomo. Mama yao alipofariki, mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne na mdogo minne. Alimbeba mgongoni akaenda naye kisimani, sokoni, hata shuleni, mpaka mwalimu akazoea kuona vichwa viwili kwenye dawati moja. Sasa Kidoti alikuwa dobi mwenye mashine tatu kubwa, pasi ya mvuke na wanawake wanne aliowaajiri, na alifua shuka za hoteli mbili za mjini. Jumapili mashine zilinyamaza. Wawili hao walikula uani, katikati ya shuka zilizoanikwa, na Kidoti aliongea kwa niaba ya wote wawili.

"Dada, wewe maji unayapima tu," alikuwa akisema. "Mimi nayafanyisha kazi."

Akiondoka, Mama Vipimo alikabidhiwa kifurushi cha shuka zake mwenyewe, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa pembe kwa pembe.

Mwaka mmoja Kidoti akapata shuka za hospitali. Wanawake wakapiga vigelegele. Mashine zikawa zinafua toka alfajiri hadi jua kuzama, na sabuni ikaanza kuletwa kwa mapipa badala ya mifuko. Mama Vipimo alifurahi kuliko wote. Alikwenda kusaidia kukunja Jumapili tatu mfululizo, mpaka vidole vikakakamaa.

Ilikuwa miezi mitano baadaye maji ya bwawa yalipoanza kubadilika rangi. Kwanza yalikuwa kama chai iliyotiwa jani la mchicha, kidogo tu. Kisha sahani ikapotea kwenye mita mbili, halafu moja, halafu nusu mita. Ijumaa moja alimkuta Komandoo akimsubiri getini badala ya kibandani kwake.

"Njoo uone, mama. Samaki wamelewa."

Samaki walikuwa wamejaa ukingoni, matumbo juu, wengine bado wakipapatika midomo kwenye uso wa maji. Mama Vipimo alichutama akamshika mmoja. Hakuwa na kidonda wala doa.

"Hawakulewa, mzee. Wamekosa hewa."

"Samaki? Ndani ya maji yake mwenyewe akose hewa?"

"Ndiyo."

Kesho yake alirudi kabla ya jua kuchomoza, maana hapo ndipo oksijeni ya majini hushuka kuliko wakati wowote. Kipimo kilisoma karibu na sifuri. Alipotia nanga Komandoo alikuwa bado anangoja jibu, amekunja mikono kwenye koti lake, na ilibidi amweleze.

"Shuleni wanachora dunia kwa matabaka," alisema. "Miamba na udongo peke yake, maji peke yake, hewa peke yake, viumbe hai peke yao. Ni kwa ajili ya mtihani tu. Hapa yote yamo ndani ya bakuli moja. Huu ujani unaouona ni mwani. Mchana unatumia jua, unatengeneza chakula na kutoa oksijeni. Usiku unavuta hewa kama wewe na mimi. Na ukifa unazama, bakteria wa kule chini wanauozesha, nao wanavuta. Wote hao wakishavuta, samaki amebakiwa na nini?"

Komandoo alifikiri. "Kwa hiyo mwenye kosa ni mwani."

"Mwani hauna kosa. Kuna mtu anaulisha."

Alichukua chupa saba akafuata kijito kinacholeta maji bwawani, akipanda nacho kuelekea mjini. Kila baada ya hatua mia tano alijaza moja na kuiandika namba. Alipita matete, akapita daraja la waenda kwa miguu, akafika nyuma ya ukuta mkongwe uliootwa na majani. Bomba la plastiki, jeupe, lilitokeza chini ya ukuta ule. Maji yaliyotoka yalikuwa ya uvuguvugu, yenye povu, na yalinukia. Harufu ile hakuhitaji kuipeleka maabara. Alikuwa amelala juu yake usiku uliopita, kwenye shuka alizofuliwa na Kidoti.

Alikaa kwenye jiwe. Kisha akajaza chupa, akapanda na kijito hatua chache kupita bomba akajaza nyingine, na siku mbili baadaye akarudi kujaza tena zote mbili. Juu ya bomba fosfeti, ile chumvi inayolisha mwani, ilikuwa ndogo. Chini ya bomba ilikuwa mara arobaini. Hospitali haitaki doa, na sabuni ile isiyoacha doa ilikuwa na kila kitu ambacho mwani unakipenda.

Jumapili alisubiri mpaka wamemaliza kula.

"Kidoti, bomba lako la nyuma linamwaga kijitoni."

"Limwage wapi tena? Kijito si kipo pale pale?" Kidoti alicheka. "Maji yanakwenda, dada. Yakishatoka hapa, hayapo."

"Yapo. Yapo kule chini kwangu."

Alimweleza yote, taratibu, kama alivyokuwa akimfundisha kuhesabu kwa mawe. Alimwambia achimbe mashimo ya kuchuja, abadilishe sabuni. Kidoti alisikiliza akichokonoa meno, kisha akasema sawa, atafanya, ampe mwezi mmoja, shuka za hospitali haziwezi kusimama. Mama Vipimo akampa mwezi. Ulipoisha, akampa mwingine. Jumapili zile walikula vizuri tu. Kidoti alisimulia habari za mgeni wa hotelini aliyesahau meno yake ya bandia ndani ya foronya, akaigiza jinsi alivyokuja kuyadai kwa mdomo mtupu, na wote wawili wakacheka hadi machozi. Bomba lilikuwa likimwaga.

Mwezi wa tatu samaki walikufa tena, na mabomba ya mjini yakaanza kutoa maji yenye harufu ya udongo. Mkuu wa idara alimwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kawaida ya kusawazisha karatasi zake kabla ya kusema neno gumu.

"Nimesikia ni kwa mdogo wako," alisema. "Ripoti ni yako. Unaweza kuandika chanzo hakijathibitika. Mimi nitasaini."

Mama Vipimo alirudi mezani kwake. Aliangalia tarakimu. Alizijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani, na hakuna hata moja iliyokuwa na shaka. Aliandika mahali bomba lilipo, aliandika mmiliki, akapeleka ripoti kabla ya chai ya saa nne kwa kuwa alijua baada ya chai hataweza.

Wakaguzi walikwenda. Amri ilikuwa fupi: achimbe mashimo ya kuchujia maji au afunge. Kidoti alileta wachimbaji, wakachimba uani futi mbili, sururu zikatoa cheche. Chini palikuwa mwamba mtupu. Hakukuwa na pa kuchimba. Hospitali ikapeleka shuka zake kwingine, hoteli zikafuata, na wanawake wanne wakaenda kila mmoja na njia yake.

Alasiri moja Kidoti alipanda ngazi za karakana, kifurushi mkononi. Hakuingia. Kule chini seremala alikuwa akipiga randa, na ilibidi angoje anyamaze.

"Shuka zako," alisema. "Za mwisho."

"Karibu ndani, Kidoti."

"Watu wanasema damu nzito kuliko maji. Kwako wewe maji yamekuwa mazito."

"Nilikupa miezi miwili, mdogo wangu. Nilikuambia—"

"Uliniambia. Ungeniambia tena." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo ndilo lililomwogopesha dada yake. "Ungeniambia mara mia, dada. Mimi nina nani mwingine wa kuniambia?"

Akashuka. Randa ikaendelea.

Jumapili zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama Vipimo alijaribu kupika chakula cha mtu mmoja na hakupata kipimo chake, yeye aliyepima kila kitu. Sufuria ilibaki nusu, akala kiporo mpaka Jumatano. Mara tatu alikwenda hadi kwenye lango la Kidoti. Mara ya kwanza lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mara ya pili alisikia redio ikizimwa. Mara ya tatu hakugonga. Mwishowe akaanza kwenda bwawani hata Jumapili.

"Leo si siku yako, mama," Komandoo alimwambia.

"Najua."

Mzee alimsogezea kigoda, wakakaa wakitazama maji, kila mtu na yake.

Na maji yalikuwa bado ya kijani. Miezi sita baada ya bomba kuzibwa, ya kijani. Miezi kumi, ya kijani. Samaki wakafa tena msimu wa joto. Idara ikaitisha mkutano na watu wa mji katika ukumbi wa juu, wenye viti vya chuma vinavyolia mtu akijitikisa, na Mama Vipimo akasimama mbele na michoro yake. Alikuwa hajafika mbali mtu aliponyoosha mkono safu ya nyuma. Alama nyeusi kando ya mdomo aliiona kabla ya uso.

"Mimi ni yule dobi," Kidoti alisema. "Wengi wenu mlivaa nguo nilizozifua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilipaswa kujua." Watu wakacheka. "Mwaka mzima sijafua hata leso. Maji bado ni ya kijani. Naomba mtaalamu atuambie, hiyo sabuni sasa ni ya nani?"

Ukumbi ulilipuka. Mama Vipimo alingoja viti vitulie.

"Ni ile ile," alisema. "Imo kwenye tope. Fosfeti iliyoingia ilizama, na tope la chini limeishika. Kule chini oksijeni ikiisha, tope linaiachia tena, mwani unakula, unakufa, unazama, inarudi topeni. Inazunguka. Itachukua miaka kupungua."

"Miaka mingapi?"

"Sijui."

"Lakini siku ya kunifunga mimi ulijua."

Mkuu wa idara alisawazisha karatasi zake, akaahirisha mkutano. Watu wakashuka ngazi wakicheka habari ya sabuni inayojificha topeni. Mtu mmoja alisema kwa sauti, makusudi asikike, kwamba kuna watu humfunga ndugu ili wapandishwe cheo. Hakupandishwa cheo, wakati ule wala baadaye.

Usiku ule hakulala vizuri, na si kwa ajili ya maneno ya watu. Kwa mara ya kwanza alijitilia shaka. Je, kama hakukuwa na tope lolote? Kama alikuwa amekosea, na chanzo kingine kipo, na amemwangusha mtoto aliyembeba mgongoni kwa kosa la hesabu?

Ijumaa alichota tope katikati ya bwawa kwa kopo zito lililofungwa kamba. Lilikuwa jeusi, laini kama uji, linanuka yai bovu. Aliliweka kwenye mtungi wa kioo nyumbani, dirishani. Kwenye mtungi wa pili aliweka mchanga aliouosha mara tano. Yote miwili aliijaza maji safi, akadondoshea kila mmoja matone machache ya mwani, akaanza kungoja. Kila asubuhi kabla ya chai aliitazama. Siku kumi, hakuna. Siku kumi na sita, hakuna. Siku ya ishirini aliona kivuli cha kijani kwenye mtungi wa tope, akadhani ni macho. Siku ya ishirini na saba maji yale yalikuwa ya kijani kama bwawa lenyewe, na yale ya juu ya mchanga yalikuwa meupe kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.

Hakuwa amekosea.

Alichukua simu. Maisha yake yote, jambo likitokea, kubwa au dogo, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Kidoti. Kidole kilikuwa tayari kwenye namba. Ndipo akafahamu kitakachosikika upande wa pili: kwamba dada amepiga kusema alikuwa sahihi. Akaiweka simu chini. Alisimama pale jikoni, mitungi miwili mbele yake, na hakukuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumwonyesha. Saa mbili ilipofika alikwenda kazini.

Miezi michache baadaye, kwenye foleni ya dukani, alikutana na mmoja wa wale wanawake wanne.

"Mdogo wako amehama, hukujua?" mwanamke alisema, kisha akaona uso wake, akajuta. "Ameuza mashine mbili, akaondoka na moja. Mji wa juu, kule kwenye baridi. Nilidhani alikuaga."

"Aliniaga," Mama Vipimo alisema.

Huo ndio uongo pekee aliowahi kuutoa kuhusu jambo lile.

Mwaka wa pili tangu bomba lizibwe ulikuwa kama wa kwanza. Mwaka wa tatu mvua zilikuwa kubwa, maji yakafurika juu ya ukuta wa bwawa siku tisa, na mvua zilipokatika sahani ikaonekana hadi sentimita tisini. Aliishusha mara nne kuhakikisha. Mwaka wa nne ikawa mita moja na nusu. Konokono wadogo wakarudi kwenye matete, ndege warefu wa miguu myembamba wakafuata konokono, na Ijumaa moja samaki aliruka kando ya mashua akamrushia maji usoni. Aligeuka kumtafuta Komandoo ufukoni, akakumbuka kuwa mzee alistaafu. Siku hizi getini palikuwa na kijana wa kampuni ya ulinzi aliyevaa visikizio masikioni. Mjini hakuna aliyesema kitu. Maji yakiwa mabaya watu huitisha mkutano. Yakiwa mazuri wanayanywa.

Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, yupo mezani akichonga penseli, simu ilipolia. Namba hakuijua. Sauti aliijua.

Haikusema shikamoo. "Maji ya dobi," Kidoti alisema, "mtu ayapeleke wapi?"

Mama Vipimo alishika ukingo wa meza. Maneno mengi yalimjia kwa pamoja, na aliyaacha yote yapite.

"Una mashine ngapi?"

"Mbili. Nataka kuongeza ya tatu. Nyuma yangu kuna mto."

"Udongo wa huko ukoje?"

"Mwekundu. Unanata kwenye viatu."

"Huo ni mzuri. Una chuma ndani yake, chuma hushika ile fosfeti. Sasa sikiliza. Chimba shimo la kina cha mkono mzima. Lijaze maji, liache linywe mpaka lishibe. Kisha lijaze tena, uangalie saa. Unataka kujua maji yatachukua dakika ngapi kushuka upana wa vidole vinne. Ukinipa dakika hizo nitakuchorea kila kitu: tangi la kwanza la kutuliza, kitanda cha kokoto chenye matete, halafu shimo la mwisho. Na sabuni nitakuandikia ipi."

Alisikia kalamu ikikwaruza karatasi upande wa pili. Kidoti alikuwa akiandika.

"Vidole vyangu au vyako?"

"Vyako. Umenizidi unene."

Pengine kulikuwa na pumzi iliyotaka kuwa kicheko, pengine ni laini ya simu.

"Haya," Kidoti alisema, na simu ikakatika.

Siku nzima ya pili Mama Vipimo hakutoka ofisini, hata mashua hakuigusa, ingawa ilikuwa Ijumaa. Karani mpya alimuuliza kama anaumwa. Saa tisa na robo simu ikalia.

"Dakika thelathini na nane," Kidoti alisema.

"Thelathini na nane." Aliandika. "Inatosha. Nitachora leo. Unaendeleaje, mdogo wangu?"

Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mngurumo wa mashine, na mwanamke mwingine akiita kwamba shuka zimekauka.

"Nina wateja," Kidoti alisema. "Nitumie mchoro."

Alichora mpaka jua likazama, kwa rula, kila kipimo mahali pake, na pembeni akaandika aina tatu za sabuni kwa herufi kubwa zisizokosewa. Chini kabisa aliandika: *Matete yakifika kiunoni, yakate, uyaweke mbali na mto.* Aliisoma karatasi mara mbili, akatafuta kama kuna la kuongeza, akaona lipo, akalala nalo, na asubuhi akaituma ilivyo.